Mkunga wa Mipapai

Ukitaka kuamini amini, hutaki basi. Kwa umri wangu huu sitafuti mtu wa kunisifu kwa hadithi. Miguu imevimba, na kukaa nikiongea ni kazi kama kazi nyingine. Ninachokueleza kilinipata mimi mwenyewe, nikakiona kwa macho yangu haya, Chimala, miaka ile ya hamsini kabla ya uhuru. Sikuwa nimelala na sikuwa na homa. Nilikuwa nimechoka tu, na kuchoka si wazimu, ingawa ukichoka sana watu watakuambia ni hivyo.

Chimala ya wakati ule usiifikirie kama ya leo. Ilikuwa nyumba chache kando ya barabara ya vumbi inayotoka Mbeya kwenda Iringa, mashamba ya mpunga upande wa bondeni, milima upande wa pili. Babu yangu alitoka pwani, akaja bara na biashara ya nguo, akaoa huku akazikwa huku. Ndiyo maana mimi ni Mwislamu, na majirani zangu Wasangu walikuwa wananitania kwamba Kiswahili changu ni cha kwenye redio. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Anakusanya magunia Chimala, anapanda nayo lori hadi Iringa, anauza, anarudi. Mungu alikuwa hajatujaalia mtoto. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, yeye, na mama yake mzazi.

Mama mkwe wangu alikuwa mkunga. Ukisimama sokoni Chimala ukarusha jiwe, lazima ungempiga mtu aliyezaliwa mikononi mwake. Kisha miguu ikamkataa, baadaye ulimi ukawa mzito, mwisho koo nalo likaanza kuziba. Mwaka huo ninaousema alikuwa wa kulala tu. Nilimwosha, nilimgeuza, nilifua mashuka yake mtoni, nikarudi nikamwosha tena. Mume akisafiri nilibaki naye peke yangu, mchana na usiku, na kuna asubuhi nilisimama mlangoni kwake nikatamani nimkute ameshakwenda zake. Nakwambia na hilo, maana kisa cha kweli huwezi kuchukua nusu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinapita kooni mwake, nacho ni papai. Uji ulimpalia, ndizi ilimkwama, mchuzi ulirudia puani. Lakini papai lililoiva sana, nikilivuruga kwa kijiko mpaka liwe laini kabisa, lilishuka. Na yeye alikuwa na ombi moja, alilolisema kwa maneno ya kukatika katika: amwone mwanawe kwanza. Mume wangu safari ile alikuwa amepitiliza Iringa hadi Idodi kutafuta asali, masika yakamkuta huko. Dereva mmoja aliniletea salamu kwamba mto umejaa, gari halivuki, mama avumilie. Basi kazi yangu ikawa hiyo tu. Nimlishe mama papai mpaka mwanawe afike.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na mipapai tisa aliyoipanda yeye mwenyewe enzi za nguvu zake. Sita ilikuwa majike, inazaa. Mitatu ilikuwa madume. Kama hujawahi kuuona mpapai dume, maua yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu, mengi, yananukia vizuri, lakini papai huli. Kiangazi cha mwaka uliotangulia nilichukua panga nikaikata yote mitatu. Nilisema, hapa nyumbani kila mtu anafanya kazi, na hawa nao wanakunywa maji yangu bure? Watu wengi hufanya hivyo. Wengine huupigilia msumari wakidhani utageuka jike. Mimi sikuwa na uvumilivu wa misumari.

Kitu cha pili nilichofanya kilikuwa karabai. Mama aliogopa giza, kwa hiyo mume wangu alinunua taa ya karabai Mbeya, nikawa naitundika kwenye kibaraza cha nyuma, mwanga unaingia moja kwa moja dirishani kwake. Ilikuwa inawaka mpaka unaweza kuokota sindano uani. Na mwanga huo ulileta nondo. Si wale wadogo wanaotoboa nguo sandukuni. Hawa walikuwa wakubwa, wana kiwiliwili kinene kama kidole cha mwanaume, wanavuma wakipita. Waligonga kioo cha taa, wakaingia ndani, wakamwangukia mama usoni na yeye mkono wa kuwafukuza hana. Basi nikaweka beseni la maji chini ya taa na kumimina juu yake mafuta ya taa kidogo. Anayeanguka haondoki. Asubuhi beseni linakuwa limejaa, nami nalimwaga kwenye mipapai nikidhani ni mbolea.

Miezi ikapita. Mapapai yaliyokuwa yamekwishashika yakaiva, tukala. Lakini maua mapya yakawa yanachanua, yanakaa siku chache, yanageuka manjano na kudondoka. Kila siku nilikuta chini vijipapai vidogo kama nta ya sikio. Nikatazama juu nikahesabu yaliyobaki. Kumi na moja. Halafu sita. Halafu mawili.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Jirani yetu aliitwa Mama Eliza, Msangu, mjane, Mlutheri wa kwenda kanisani kila Jumapili. Kati yetu palikuwa na ua wa matete tu. Yeye naye alikuwa na mipapai, na yake ilikuwa inazaa mpaka shina limefunikwa. Asubuhi moja nilimwona ameinama kwenye ua anamwaga jivu. Jivu, upande wa kwangu wa matete! Kumbe jivu hilo alikuwa analimwagia maboga yake yaliyotambaa kupita matete, kufukuza wadudu, wakulima wote huku wanafanya hivyo. Lakini mimi nilikuwa sijalala siku tatu. Nikajua nimepata jibu. Nikaenda mtoni kufua, nikamkuta naye huko, na pale mbele ya wanawake wote, nikamwambia ameniloga. Nikamwambia anamuua mama mkwe wangu kwa jivu.

Mama Eliza aliinua ndoo yake akaondoka. Lakini neno likishatoka halirudi, na neno lile Chimala lilitembea kuliko lori. Watu wakaacha kununua matunda yake. Binti yake Eliza alikuwa amechumbiwa Mbalizi, nikasikia wakwe wameanza kuulizauliza. Na hapo wakati ule mipapai ya maana ilikuwa kwangu na kwake tu. Kwa hiyo nilikuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu.

Siku ya tukio, papai la mwisho lilikuwa limeliwa jana yake. Mama alishinda na maji ya kijiko. Nilihangaika naye kutwa, nikasahau hata kumwaga beseni la jana. Jua lilipozama, wekundu ukiwa bado juu ya milima, niliwasha karabai, nikaliona beseni limejaa nondo, mafuta yanang'aa juu. Sasa mtu yeyote aliyelelewa na wazee wa Kiislamu anajua, magharibi humwagi maji nje ovyo. Ukilazimika, unasema bismillahi kwanza, uwape nafasi wapitao wasioonekana wasogee. Bibi yangu alinipiga kofi kwa ajili hiyo nikiwa mdogo. Lakini nilikuwa hoi bin taabani. Nililinyanyua nikayarusha maji yote kivulini, kwenye mipapai, kimya kimya.

Sauti ikasema, "Umenimwagia."

Haikuwa sauti ya hasira. Ilikuwa kavu, ya chini, kama mtu anakunja karatasi ya sukari. Nikaona mwanamke amesimama katikati ya mipapai miwili, maji yanamchuruzika. Alikuwa mpana wa mabega, amejitanda kitambaa kizito rangi ya majani makavu kilichomfika chini. Nikadhani ni msafiri, lori limeharibika barabarani.

"Samahani dada," nikamwambia. "Sikukuona. Hata bismillahi sikusema."

"Siku zote husemi," akanijibu.

Ungefanya nini wewe? Mtu umemlowesha kwa maji ya mafuta ya taa, kwenye ua wako, usiku unaingia. Nilimkaribisha ndani akauke. Na hapo ndipo nilipoanza kuona. Alipotoka kwenye kivuli na mwanga ukamfika, hakuja kwangu. Aliielekea taa. Alitembea kama mtu anayevutwa mkono, anajikaza kurudi nyuma na miguu inakwenda mbele. Macho yake yalikuwa makubwa na hayana weupe, kahawia tupu, na taa ilionekana ndani yake mara mbili. Nikamshika mkono asijiunguze. Mkono ulikuwa mwepesi mno, na ulikuwa unatetemeka mfululizo, kama gari linalopashwa moto kabla halijaondoka. Nilipouachia, kiganja changu kilikuwa kimejaa unga wa kahawia.

"Izime," akasema. "Nakuomba."

"Nina mgonjwa. Anaogopa giza."

"Izime, mama. Nikiifikia sirudi."

Niliizima. Sijui kwa nini nilimtii, labda kwa sababu alisema nakuomba, na siku nyingi nilikuwa sijasikia mtu ananiomba kitu badala ya kunililia. Tukabaki na mwanga wa makaa ya jikoni. Alikaa kwenye kigoda mbali na moto. Nikampa chai ya sukari kwenye kikombe cha bati, maana mgeni ni mgeni. Hakukiinua. Aliinama juu yake, uso wake ukiwa mbali na kikombe kiasi cha shibiri, nikasikia chai inapungua. Inapungua, naapa, mpaka nikasikia mkwaruzo wa tupu, na midomo yake haikugusa chombo.

Ndipo mama mkwe wangu akaongea kutoka chumbani. Mtu ambaye wiki nzima hakuwa ametamka maneno mawili yakafuatana, aliongea kwa sauti yake ya zamani, ile ya kuamrisha wazazi wasukume.

"Mkunga mwenzangu, umefika?"

"Nimefika, mama," yule mwanamke akasema.

"Mbona watoto hawatulii? Nasikia wanadondoka. Nalala hapa nasikia wanadondoka."

Mgeni akamweleza, na mimi nimekaa katikati yao kama mshtakiwa. Alisema kazi yake ni kutoka kwa dume kwenda kwa jike, saa ile maua yanapofunguka, akiwa na unga wa dume usoni. Jike asipopelekewa ule unga hashiki, mtoto anadondoka. Madume ya hapa yamekatwa. Hata hivyo haidhuru, dume mmoja yuko kwa jirani, ng'ambo ya ua, na si mbali. "Lakini katikati pana taa ya mkweo," akasema. "Kila ninayemtuma anaiona taa, haoni maua. Na chini ya taa pana beseni. Wenzangu wote nimewakuta kwenye beseni, mama. Amenimwagia wenzangu."

"Mkwe," mama akaniita. "Nani amekata madume?"

Nilichochea makaa. Alijua.

"Na umesema ni jivu la Mama Eliza," akasema.

Hilo nalo sikuwa nimemwambia. Nilidhani amelala, amezimika, hasikii la nje. Kumbe miezi yote ile nilipokuwa napayuka peke yangu nikimgeuza, nikilaani jirani, nikilaani mume wangu, nikimlaani na yeye mwenyewe, alikuwa anasikia yote. Nilijifunika uso kwa kanga nikalia, sikuona aibu mbele ya yule kiumbe.

Nilipofunua uso kigoda kilikuwa kitupu. Nikatoka uani. Giza lilikuwa bado halijakolea, na nilimwona amesimama kwenye mpapai wa kwanza, ameliinamia ua moja, bila kuligusa, kama alivyokiinamia kikombe. Akaenda wa pili. Akaenda wa tatu. Kila akihama alikuwa anapungua, na mimi sikuona alivyopungua, niliona tu kwamba sasa ni mdogo. Mwisho palikuwa na nondo mmoja, upana wa kiganja changu, amesimama hewani mbele ya ua jeupe na mabawa hayaonekani kwa kasi. Akapanda juu ya matete akaenda kwa Mama Eliza.

Mama aliniita tena. Aliniambia, "Nenda kwa Mama Eliza ukamwombe radhi. Nenda na mbele ya wale wa mtoni ukaseme. Na uniletee papai, mwanangu, nina njaa."

Nikamwambia, "Kesho, mama."

Ngoja nikuambie kuhusu kesho hiyo. Siku ya kwanza mvua ilinyesha kutwa, nikasema siwezi kwenda kuomba radhi nikiwa nimelowa. Siku ya pili nilikuwa na mashuka ya kufua. Nilijaribu uji mwepesi kabisa, nikauchuja kwa kitambaa, ukampalia mpaka akageuka rangi. Siku ya tatu nilifika kwenye ua wa matete, nikamsikia Mama Eliza anaimba nyimbo zake za kanisani, nikarudi. Nilijiambia pengine jioni. Nilijiambia pengine gari limevuka, mume wangu yuko njiani, yeye mwanaume ataenda kuongea. Wahenga walisema ngoja ngoja yaumiza matumbo, nami nilidhani ni tumbo la mwenye kungoja. Jioni zote tatu sikuwasha karabai. Nilikaa gizani nimemshika mama mkono, na yeye hakuogopa, na nje nilisikia mavumo ya mabawa kwenye mipapai. Hakusema tena habari ya papai. Hakunisema na mimi.

Asubuhi ya nne nilikwenda. Sikupita barabarani, nilisogeza matete nikapita katikati. Mama Eliza alikuwa anafagia. Aliponiona akasimama na ufagio wake.

"Kamwene, jirani," akanisalimia kwa lugha yake.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakaniponyoka yote. Nilipiga magoti kwenye takataka alizokuwa ameshazikusanya, nikasema nimekukosea, nimekuzushia, mapapai ni mimi niliyeyaua. Nikasema mama hajala siku tano. Alitupa ufagio akaingia ndani, akatoka na mapapai matatu yaliyoiva, amekwishayafunga kwenye kitambaa.

"Nilikuwa nasikia anakohoa," akaniambia. "Nilitaka kuleta, jirani. Siku zote hizi nilitaka kuleta. Nikaogopa mtasema nimeleta sumu."

Tulikimbia wote wawili. Alilikata yeye, nililivuruga mimi. Nikaweka kijiko kwenye mdomo wa mama, mdomo haukufunguka. Nikaupaka utamu kwenye midomo, labda ataulamba. Ulichuruzika shavuni, Mama Eliza akaupangusa kwa upindo wa kanga yake. Mama alituangalia, alitujua. Lakini koo lilikuwa limeshafunga kazi. Kabla ya adhuhuri akakata roho.

Wanawake wa Kiislamu walikuja kumwosha. Mama Eliza kwa dini yake hakuingia, alikaa nje anachota maji, ndoo baada ya ndoo, na wale wale wa mtoni wakampokea ndoo mikononi. Niliposimama nikasema mbele yao kwamba nilimsingizia, mzee mmoja wa kike akasema, "Tulishajua." Wakwe wa Mbalizi, nashukuru Mungu, walituliza roho, Eliza aliolewa.

Mipapai? Mipapai ilizaa. Tangu jioni zile tatu za giza maua yaliacha kudondoka, na miezi ya mbele matunda yalikuwa mengi mpaka nikawa nagawa, na kila nilipokata moja nilijisikia vibaya. Mbegu za yale matatu ya Mama Eliza nilizipanda. Madume yakiota siyagusi. Beseni nililitupa. Na karabai nikaanza kuiwasha baada ya chakula tu, ndani, madirisha yamefungwa.

Nikawa na tabia ya kukaa uani magharibi. Mume wangu alidhani ni majonzi. Nilikuwa naangalia. Ukikaa kimya bila taa, utamwona nondo anafika kabla nyota hazijatoka, anasimama hewani mbele ya ua wala hatui, anakunjua ulimi mrefu kuliko mwili wake, anakunywa, anahama. Usoni ana unga. Hapigi kelele, hamuumi mtu, hana asali ya kukupa ukamsifu kama nyuki. Popo wanamla, mijusi ya ukutani inamla, na sisi tunampiga kwa ndala. Viwavi wake wanakula majani ya viazi vitamu, hilo kweli, usiniambie sijui. Nilimlalamikia Mama Eliza siku moja, akacheka, akasema, "Kwani wewe mkunga wako ungetaka azalishe akiwa na njaa?" Kuanzia siku hiyo sikulalamika tena.

Yule mwanamke sikumwona tena. Lakini kiganja changu cha kulia, hiki hapa, angalia mwenyewe kwenye mikunjo. Nimeosha kwa sabuni, nimeosha kwa jivu, nimeosha kwa mchanga wa mtoni. Rangi hii ya kahawia haitoki, na mvua za kwanza zikinyesha huwa kinatetemeka chenyewe nikiwa nimekaa. Madaktari wa Mbeya walisema ni mishipa. Sawa, iwe mishipa.

Kwa hiyo usimwage maji magharibi bila kusema neno, na kabla hujakata mti kwa sababu hauzai, uliza kwanza unamsaidia nani. Hayo ni maonyo mepesi, hata mtoto anaweza kuyashika. Lipo jingine, na hili sijawahi kumwambia mtu.

Mume wangu alifika siku ya tano baada ya mazishi. Matope yamemfika magotini, ana dumu la asali alilomletea mama yake. Hakulia mbele za watu. Usiku tulipobaki wawili aliniuliza jambo moja tu, "Mwishoni alikula nini?"

Nikamwambia, "Papai."

"Alikula vizuri?"

"Alikula, alishiba."

Akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Alfajiri aliamka kabla yangu, na kupitia dirishani nikamwona amechukua lile dumu la asali, anakwenda kwenye ua wa matete. Nikamsikia anasema, "Mama Eliza, nimekuja kukushukuru. Mke wangu ameniambia mama alikula papai lako mpaka akashiba."

Mama Eliza alikuwa ameupangusa ule utamu shavuni kwa kanga yake mwenyewe, anajua kila kitu, na mimi ndiye niliyemwita mchawi mbele ya mto mzima. Angeweza kunimaliza kwa neno moja.

"Alikula vizuri, baba," akasema. "Pole sana. Mkeo alihangaika naye."

Mume wangu amekufa akiamini hivyo, na Mama Eliza amekufa hajanikumbusha hata siku moja. Nimebaki mimi. Nawe kama kuna mtu umemkosea, na unajua, na nyumba yake unaiona kutoka kwako, nenda leo, hata mvua ikinyesha. Kati yangu na papai la mama palikuwa na hatua ishirini.